Riale, Rupia na Shilingi: Kima cha Fedha katika Historia ya Afrika Mashariki na Alama zake katika Lugha

Wanafunzi wa lugha wamezoea kuyaweka maneno ya fedha katika Kiswahili pamoja na maneno mengine ya kukopwa, wakaonyesha asili yake na kupita. Fedha na sarafu huyarudisha kwa Waarabu. Pesa, rupia na hundi kwa Wahindi. Hela kwa Wadachi. Shilingi na senti kwa Waingereza. Kisha huendelea na habari za meza na leso. Hapana kosa katika kazi hiyo, ila ni nusu ya kazi. Neno la fedha halifanani na neno la meza. Meza ilipofika pwani ilibaki meza, bali kila fedha mpya ilipofika ilipimwa kwa fedha iliyoitangulia, na kipimo hicho, yaani idadi ya hii inayotolewa kwa ile, ndicho kilichoamua nani alale na mali na nani aamke na deni. Kipimo hicho ndicho nitakachokiita kima katika makala haya.

Nilianza kulifikiri jambo hili kwa sababu ya neno moja dogo. Thumni, ambalo wengi hulitamka sumni, ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja katika nane. Maana hiyo haina shaka, na wenye kugawa mirathi wanaijua vizuri, kwa kuwa thumni ndiyo fungu la mke wa marehemu aliyeacha watoto. Walakini katika Kenya na Tanganyika, tangu sarafu ya shilingi ilipoenea, thumni imekuwa jina la senti 50, yaani nusu ya shilingi. Imekuwaje nusu ikaitwa thumni? Hakuna kanuni ya maana ya maneno itakayotujibu. Jibu limo katika vima vya fedha vya karibu miaka themanini, na kimoja katika hivyo kiliwekwa London mwaka 1920 kwa amri iliyowatajirisha wengine na kuwafilisi wengine katika nchi ambayo wengi wa walioitoa hawakuwahi kuikanyaga.

Yafaa tuanze na riale. Katika karne ya 19 biashara kubwa ya Unguja, ya pembe, karafuu na nguo, ilihesabiwa kwa riale, na iliyopendwa kupita zote ni ile yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa katika Vienna miaka mingi baada yake, kila moja ikiwa na mwaka ule ule wa 1780, maana wafanya biashara wa Uarabuni na wa pwani za Bahari ya Shamu hawakukubali nyingine. Watu wa pwani waliiita riale ya Sham, wakaitofautisha na riale ya mzinga ya Waspanyola, ambayo nguzo zake mbili zilionekana kwao kama mizinga. Jina lenyewe lina mzaha wa historia ndani yake. Katika Uspanyola, real ilikuwa sehemu ya nane tu ya ile sarafu kubwa. Neno liliposafiri likahama kutoka sehemu likawa jina la zima. Basi sehemu ya nane ikabaki bila jina, na pwani ikaipa jina la Kiarabu: thumni.

Riale ilikuwa kubwa mno kwa sokoni. Mtu aliyetaka kununua samaki au mafungu mawili ya muhogo hakuweza kuivunja, na kwa muda mrefu nafaka yenyewe ndiyo iliyotumika kama chenji. Haja hiyo ilijazwa na vipande vya shaba kutoka Bara Hindi, vilivyoitwa paisa na kwetu pesa. Sayyid Barghash alipotoa sarafu zake mwenyewe, zenye mwaka wa Hijra 1299, yaani 1882, riale moja ilikuwa sawa na pesa 136. Idadi hiyo ni ya ajabu kwa mtu anayependa makumi, lakini si ya kubahatisha. Rupia ya Kihindi ilikuwa na pesa 64, na riale ilibadilishwa kwa rupia 2 na sehemu moja ya nane ya rupia. Zidisha, utapata 136. Kwa maneno mengine, tangu wakati huo riale ya Unguja, ingawa ilikuwa na jina la Sultani juu yake, ilikuwa imekwisha kufungwa katika mkia wa rupia ya Bombay.

Hesabu yenyewe yaeleza neno letu. Thumni ya riale ni pesa 17. Robo ya rupia ni pesa 16. Tofauti ni pesa moja, na pesa moja haikutosha kuwafanya watu watafute jina jipya. Rupia ilipoisukuma riale nje ya soko, na hatimaye mwaka 1908 ikachukua mahali pake kisheria katika Unguja, ile robo ya rupia ikarithi jina la thumni. Hapo neno likawa limekwisha kuachana na maana yake, maana sasa thumni ilikuwa moja katika nne.

Sharti niseme kidogo juu ya watu waliokaa kati ya fedha hizi mbili. Kiswahili kina neno sarafu, ambalo leo ni kipande cha fedha tu, lakini mzizi wake wa Kiarabu ni kugeuza, na katika Kiarabu mbadili fedha huitwa kwa mzizi huo huo. Wasomaji wa jarida hili watafurahi kukumbuka kwamba sarufi, kazi yetu sisi, ni ndugu wa sarafu tumbo moja: mmoja hugeuza maneno, mwingine hugeuza fedha. Hundi nayo, ambayo sasa ni karatasi ya benki, ilikuwa barua ya wafanya biashara wa Kihindi: tajiri wa Unguja aliandika kwamba mwenzake wa Bombay alipe kiasi fulani siku fulani, na karatasi hiyo ikauzwa na kununuliwa kama bidhaa. Bei ya hundi ilipopanda au kushuka, ndipo kima cha fedha kilipoonekana. Hapakuwa na jengo la soko la fedha wala kengele. Soko lilikuwa katika barua. Misafara ya bara ilifadhiliwa na watu wa namna hii, kama Taria Topan alivyomfadhili Tippu Tip, na mkopo wa namna hiyo ulikaa miaka kabla ya kurudi kwa sura ya pembe. Aliyekopesha kwa muda mrefu hivyo alikuwa akicheza kamari juu ya bei ya pembe na bei ya fedha kwa pamoja.

Na bei ya fedha ilikuwa karibu kuanguka. Hapa Kiswahili kina ukweli ambao lugha nyingine zimeupoteza, maana neno lake la mali ya kununulia na neno lake la ile madini nyeupe ni moja: fedha. Uingereza ilikuwa imechagua dhahabu zamani. Ujerumani ikaifuata baada ya 1871, na nchi nyingine za Ulaya zikaacha kupiga sarafu za fedha kwa wingi. Madini iliyokuwa sarafu ya nusu ya dunia ikawa bidhaa isiyotakiwa. Rupia, ambayo mwaka 1873 ilikuwa karibu shilingi 1 na peni 10 na nusu za Kiingereza, ilifika mwaka 1894 kwenye shilingi 1 na peni 1. Mtu wa Unguja aliyekopa kwa rupia, akauza kwa rupia na kula kwa rupia hakuliona jambo hili kwa macho. Bali aliyenunua bidhaa ya kulipiwa kwa dhahabu aliona bei imepanda bila mtu kuipandisha, na aliyepeleka karafuu London aliona pauni zake zimezaa rupia nyingi zaidi. Serikali ya Bara Hindi ilizuia mwaka 1893 watu kupeleka madini yao wapigiwe rupia, na kufikia mwisho wa karne ikaishika rupia kwenye shilingi 1 na peni 4, yaani rupia 15 kwa pauni moja.

Kima hicho kilidumu karibu miaka ishirini, na miaka ishirini inatosha kuwafanya watu waamini kwamba kitu ni cha maumbile. Himaya ya Uingereza katika Afrika ya Mashariki ilihesabu rupia 15 kwa pauni, ikaigawa rupia katika senti 100. Wadachi nao, ambao wangeweza kuleta mark yao, waliona kwamba biashara ya nchi yao inatazama Unguja na Bombay, wakaiacha rupia. Mwaka 1904 waliifunga kwa dhahabu, rupia 15 kwa mark 20, na badala ya pesa 64 wakaigawa katika heller 100. Ndiyo hela yetu. Asili yake ni mji wa Hall katika kusini ya Ujerumani, ambako kipande hicho kilipigwa katika zama za kati. Ukoloni wenyewe haukumaliza miaka 35, lakini neno limebaki katika kinywa cha kila Mtanzania. Wakati wa vita, mwaka 1916, walipokatiwa njia ya bahari, Wadachi walijipigia sarafu katika Tabora, za shaba na za dhahabu pia, na ile ya dhahabu ya rupia 15 ina sura ya tembo. Sasa huuzwa kwa wakusanyaji kwa bei ambayo haihusiani tena na kima chochote.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Vita Kuu ya kwanza ilizigeuza hesabu. Uingereza ilinunua vitu vingi mno kutoka Bara Hindi, ikahitaji rupia nyingi za kulipia, na rupia ni fedha. Madini iliyodharauliwa miaka arobaini ikatafutwa tena. Kwa kima cha shilingi 1 na peni 4, rupia haikuwa na faida kuyeyushwa maadamu wakia ya fedha haikupita peni 43 katika soko la London. Katika Februari 1920 wakia hiyo ilifika peni 89 na nusu. Rupia yenyewe ilikuwa imepanda hatua kwa hatua tangu 1917, ikavuka shilingi 2, na mwanzoni mwa 1920 ikakaribia shilingi 3.

Tutazame maana yake katika Nairobi. Mlowezi aliyekopa benki kabla ya vita rupia 15,000 alikuwa amekopa, kwa hesabu yake, pauni 1,000. Kitani, mkonge na buni yake viliuzwa London kwa pauni. Sasa rupia ikiwa shilingi 2, deni lile lile la rupia 15,000 lilihitaji pauni 1,500 kulilipa, na hakuwa ameongezewa hata jembe moja. Rupia haikuwa imebadilika. Jina, uzito na sura vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni idadi ya pauni zilizotakiwa kuinunua. Kwa upande wa benki neema ilikuwa hiyo hiyo ikitazamwa kwa nyuma: pauni 1,000 zimekuwa 1,500. Walowezi walitaka kurudi kwenye kima cha zamani. Wenye benki walisema kwamba kufanya hivyo ni kuwanyang'anya wadai mali yao. Kila upande uliita dai lake haki, na kila upande ulikuwa na hesabu sahihi. Hapo ndipo ugumu wa kima cha fedha ulipo, kwamba hakuna nambari isiyompa mtu mmoja kitu cha mwenzake.

London, Lord Milner, Waziri wa Makoloni, aliamua mwanzoni mwa 1920 kwamba rupia iwe shilingi 2. Kamati iliyochunguza fedha ya Bara Hindi ilikuwa imependekeza kima hicho, na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa Desemba 1919 nayo ikakaa London, ilitoa sarafu mpya iitwayo florini, yenye thamani ya rupia. Maisha ya florini yalikuwa mafupi. Mwaka 1921 ilikatwa vipande viwili, kila kipande kikaitwa shilingi, chenye senti 100, na hiyo ndiyo asili ya shilingi ya Afrika Mashariki.

Mtu anayesoma habari hizi leo hawezi kuacha kusikitika juu ya haraka yake. Kabla mwaka 1920 haujaisha, Serikali ya Bara Hindi ilikuwa imeshindwa kukishikilia kima cha shilingi 2 kwa rupia yake yenyewe, na mwaka 1921 rupia ilikuwa imeanguka chini ya shilingi 1 na peni 4. Bombay iliachia, Mombasa ikabaki imefungwa kwenye kilele cha wimbi lililokwisha kupita. Naona hukumu ya haki ni kwamba kosa la Wizara halikuwa kuchagua shilingi 2, maana katika Februari 1920 nambari hiyo ilikuwa chini ya bei ya soko na ilionekana ya upole, ila ni kuigeuza bei ya miezi michache kuwa sheria ya daima. Soko hukosea na kujirudi. Sheria hukosea na kukaa.

Matokeo ya kwanza yalikuwa ya wafanya magendo. Anunuaye rupia 15,000 katika Bombay kwa pauni 1,000 angeweza kuzitoa Mombasa kama florini, akapata pauni 1,500, naye hajauza wala kununua kitu kingine. Serikali ikapiga marufuku kuingiza rupia, na mapema mwaka 1921 ikatangaza kwamba rupia si fedha halali tena, ikaweka muda mfupi wa kuzibadilisha. Muda mfupi ni mfupi kwa baadhi ya watu tu. Mwenye duka katika Mombasa hupata habari siku ile ile. Aliyefukia rupia zake chini ya kitanda, safari ya siku kadhaa kutoka kwa mkuu wa wilaya, hupata habari wakati mlango umefungwa. Bodi yenyewe ilizinunua rupia za zamani kwa shilingi 2 ikaziuza kwa bei ya madini iliyoanguka, na hasara hiyo ilibaki katika vitabu vyake kwa miaka mingi.

Lililofuata ni la senti, nalo lamhusu mwana lugha zaidi ya yote. Vipande vidogo vilivyokuwa mikononi mwa Waafrika, vya senti 1, 5 na 10, vilikuwa senti za rupia, na baadaye za florini. Shilingi ikiwa nusu ya florini, senti 10 za zamani zilikuwa sawa na senti 20 mpya. Shauri likatolewa kwamba vipande vya zamani viendelee kutumika kwa nambari zilizoandikwa juu yake: penye 10 pasomwe 10. Neno senti lisingebadilika, nambari isingebadilika, na sarafu ingebaki ile ile mfukoni. Nusu ya thamani tu ndiyo ingetoweka. Nao waliokuwa na akiba yao katika vipande vya shaba na nikeli, wala si katika noti wala benki, walijulikana ni nani. Shauri hilo lilipingwa, wamisionari wakiwa miongoni mwa waliolipinga, likaachwa. Nalitaja kwa sababu sijui mfano mwingine ulio wazi kama huu wa watu kutaka kupata faida kwa kuliacha neno mahali pake na kukihamisha kinachotajwa nalo.

Mshahara haukuokoka. Tuseme mtu alikuwa akilipwa rupia 6 kwa mwezi. Kwa kima cha zamani ni shilingi 8. Kwa kima cha Milner ni shilingi 12. Katika mwaka 1921 walowezi wa Kenya walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Toa theluthi katika 12, unarudi kwenye 8. Ndiyo kusema, kile ambacho walowezi hawakuweza kukipata kutoka kwa benki, yaani kurudishwa kwa kima cha shilingi 1 na peni 4, walikipata kutoka kwa wafanya kazi wao. Deni la benki lilikuwa na hati. Mshahara ulikuwa ahadi ya mwezi hadi mwezi. Wako watakaosema kwamba, kwa pauni, mfanya kazi alibaki alipokuwa, kwa hiyo hakudhulumiwa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kodi nayo ingerudishwa. Kodi ya kibanda, iliyokuwa rupia 5, ilipandishwa ikawa rupia 8, nayo ikahesabiwa kwa kima kipya: shilingi 16. Mtu yule yule alihesabiwa kwa kipimo kimoja alipopokea na kwa kingine alipotoa. Kwa shilingi 8 za mwezi, kodi ya kibanda kimoja ilikuwa miezi miwili ya kazi.

Huu ni moja katika misingi ya siasa ya Kenya. Harry Thuku na wenzake walipokusanya watu katika Nairobi mwaka 1921, kupunguzwa kwa mishahara na uzito wa kodi vilikuwa mbele katika malalamiko yao, pamoja na kipande. Thuku alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi kumdai walipigwa risasi. Mwaka huo kodi ilipunguzwa ikawa shilingi 12. Vitabu vya historia huanza kwa kawaida na mkutano na risasi. Mimi naona hadithi ianzie mapema zaidi, katika bei ya wakia ya fedha katika London, si kwa kuwa bei hiyo iliua mtu, bali kwa kuwa ndiyo iliyozua hasara ya kugawana, na mgawanyo wenyewe ukaamuliwa na wenye nguvu.

Unguja ilibaki nje ya mambo haya. Iliendelea na rupia ya Kihindi ikipanda na kushuka nayo, na rupia ikawekwa kisheria na Serikali ya Bara Hindi mwaka 1927 kwenye shilingi 1 na peni 6. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipovuka bahari tarehe 1 Januari 1936, kila rupia ilibadilishwa kwa shilingi 1 na senti 50. Basi rupia ya Mombasa ilikuwa imekuwa shilingi 2, na rupia ya Unguja, iliyopigwa katika nyumba ile ile ya Bombay au Calcutta, ikawa shilingi moja na nusu. Tofauti yao ni miaka kumi na mitano na tanga la jahazi.

Sasa twaweza kurudi kwenye thumni. Robo ya rupia iliyorithi jina hilo kwa tofauti ya pesa moja ikawa robo ya florini, na robo ya florini ni nusu ya shilingi: senti 50. Lau kima cha zamani kingerudishwa kama walowezi walivyotaka, thumni ingekuwa senti 33 na theluthi, kiasi ambacho hakuna sarafu ingeweza kukibeba, na neno lingekufa. Kwa kima cha Unguja ingekuwa senti 37 na nusu. Senti 50 hutoka kwa kima kimoja tu, shilingi 2 kamili. Kwa hiyo kila mama wa sokoni aliyeomba thumni katika miaka iliyofuata alikuwa akiitaja, bila kujua, amri ya Milner. Hakuna hati iliyoenea kwa watu wengi namna hiyo.

Shilingi yenyewe ilibaki sehemu ya ishirini ya pauni ya Kiingereza kwa zaidi ya miaka arobaini, na kwa hiyo watu wa Afrika Mashariki walipokea kila uamuzi wa London bila kuulizwa. Septemba 1949, Uingereza iliposhusha pauni kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80, shilingi yetu ilishuka siku ile ile. Mkonge ulioliwa kwa dola ukaleta shilingi zaidi, na mashine iliyonunuliwa kwa dola ikawa ghali. Hapakuwa na baraza lolote Nairobi, Dar es Salaam wala Kampala lililokaa kupima kama faida ile yastahili gharama ile.

Mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilianza kutoa shilingi zao zenyewe kwa benki zao zenyewe, kwa thamani ile ile ya sehemu ya ishirini ya pauni. Novemba 1967 Uingereza ilishusha pauni tena, kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Mara hii nchi zote tatu zilikataa kuifuata. Pauni, iliyokuwa shilingi 20 tangu shilingi ilipozaliwa, ikawa shilingi 17 na senti 14 hivi. Lakini katika Kenya, makadirio ya Serikali yaliendelea kwa miaka mingi kuandikwa kwa pauni za Kenya zenye shilingi 20, na watu walizidi kuita shilingi ishirini pauni, hali pauni yenyewe ya London ilikuwa imekwisha kwenda zake.